Jumatatu mbili kwa mwezi, au kila siku?

Alabama, Marekani, ina kaunti 67, na zipo sheria za kaunti mojamoja zinazopanga bodi ya kuandikisha wapiga kura ikae siku ngapi. Ukisoma harakaharaka utadhani ni mambo ya posho za wajumbe wa bodi tu. Itazame Selma, kaunti ya Dallas.

Mwaka 1963 bodi ilifungua Jumatatu mbili tu kwa mwezi. Tarehe 7 Oktoba Wamarekani Weusi wapatao 350 walipanga foleni juani nje ya mahakama, bodi ilikokaa, ili wajiandikishe. Vijana waliojaribu kuwapelekea maji na chakula walipigwa. Jioni ilipoingia, wachache tu walikuwa wamefika ndani.

Agosti 1965, Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilipopita, serikali kuu ilileta maofisa wake mjini humo. Hao waliandikisha siku baada ya siku, bila mtihani wa kusoma uliokuwa ukiwazuia Weusi, na katika miezi michache maelfu waliingia daftarini.

Siku chache zinaokoa fedha, sibishi, hasa kwa kaunti ndogo. Lakini mpishi anayelipwa kwa siku ataomba ruhusa mara ngapi ili akajiandikishe? Mimi nachagua mlango ulio wazi, hata kama karani atapiga miayo hadi saa kumi.