Kununua picha na kujifunza kuchora Tingatinga pale Morogoro Stores

Picha za Tingatinga, mtindo wa Kitanzania wa kuchora kwa rangi za mafuta zinazong'aa, zimejaa kwenye simu, na karibu zote zinapendeza. Tatizo ni kwamba kamera hufuta kile kinachotenganisha kazi ya uangalifu na kazi ya haraka. Rangi ya mafuta inang'aa, ina unene, na mwanga ukiipiga kutoka ubavuni huanika kila kosa la brashi. Kwa hiyo ushirika wa wachoraji wa Tingatinga, Morogoro Stores, Oysterbay, Dar es Salaam, bado unastahili safari. Wachoraji wanafanya kazi mbele yako, na picha unaishika mwenyewe.

Mahali penyewe ni sehemu ya sanaa hii. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru ambaye mtindo huu umepewa jina lake, alianza kuchora mwaka 1968, na kazi zake ziliuzwa hapo hapo Morogoro Stores. Alichora juu ya hadibodi kwa rangi za mafuta za madukani: ubao wa futi 4 kwa 8 ukikatwa vipande vinane, kila kimoja ni mraba wa futi 2. Alifariki mwaka 1972, na ushirika ukaundwa mwaka 1990. Kwa hiyo ukiuziwa picha mpya ya kitambaa yenye sahihi yake, iache. Sahihi ya kweli ni ya mchoraji aliyeichora, naye mara nyingi amekaa hatua chache kutoka ulipo.

Kabla ya kulipa, inamisha picha kuelekea mwanga. Tafuta nywele za brashi zilizonasa, vumbi, na michirizi pale rangi mbili za usuli, yaani eneo la nyuma ya mnyama, zinapokutana; kazi nzuri hutoka kwenye njano kwenda kwenye nyekundu bila mstari. Igeuze utazame mgongo. Rangi ikiwa imepenya nyuma, rangi nyeupe ya msingi ilikuwa nyepesi mno. Kisha gusa pembeni kwa kidole: ikinata, haijakauka, hata kama umeambiwa ni ya wiki iliyopita.

Mafunzo ndiyo yanayopendeza zaidi, ila yapangiwe muda. Nusu siku haitoshi, na kosa si la mwalimu bali ni tabia ya rangi. Usuli huchorwa kwanza, rangi mbili zikichanganywa zikiwa bado mbichi, kisha huachwa zikauke usiku kucha. Wakati wa masika, unyevu huchelewesha zaidi. Siku ya pili unaweka umbo la mnyama kwa rangi moja, linakauka, halafu ndipo mistari, madoa na macho. Ukipaka tabaka la pili juu ya lililokauka usoni tu, ngozi ya juu hukunjamana, na hakuna marekebisho ila kukwangua na kupiga msasa. Omba siku mbili au zaidi. Ukipewa kitambaa ambacho usuli wake umeshakauka, utamaliza mapema, lakini utakuwa umekosa somo gumu kuliko yote, yaani kuchanganya rangi.

Uzito wa rangi ndio unaowashinda wengi. Tapentaini ikizidi, rangi huchuruzika na mng'ao hufifia; ikipungua, brashi huburuta na mstari hukatika katikati ya shingo ya twiga. Ongeza matone machache, koroga, jaribu kwenye kipande cha kadibodi, ndipo uguse kitambaa. Kwa madoa, chovya ncha tu ya brashi nyembamba, na uichovye upya kila baada ya madoa machache, la sivyo yatakuwa yanapungua ukubwa bila wewe kutaka. Harufu ni kali. Kaa penye upepo na vaa nguo usiyoionea huruma, maana rangi hii haitoki kwa sabuni.

Kasoro ipo: tembo, twiga na pundamilia wanarudiwa mno, kwa sababu ndio wanaonunuliwa haraka. Usiishie kwenye zilizotundikwa mbele. Salimia, shikamoo kwa wazee, uliza nani anachora maisha ya mtaani, hospitali, sokoni au mashetani. Huko ndiko mchoraji huonyesha jicho lake mwenyewe. Bei patana mapema, na kwa mafunzo uliza kama kitambaa, fremu na rangi vimo ndani yake.

Kusafirisha, ng'oa kitambaa kwenye fremu na ukiviringishe kama mkeka, upande wa rangi ukiwa nje, juu ya bomba pana la kadibodi, na karatasi laini katikati. Upande wa rangi ukiwa ndani, tabaka hubanwa na kupasuka. Usikikunje kama shuka hata mara moja, na usikizungushie nailoni moja kwa moja kama rangi bado mbichi, kwani itagandamana nayo. Nyumbani, tundika mahali penye mwanga wa kawaida, mbali na jua kali: gizani rangi nyeupe ya mafuta hugeuka njano.