TAHADHARI: Muuza injini za turbo "zilizojengwa" amenipiga mchana kweupe

Wakuu, naandika hapa kucha zikiwa bado nyeusi kwa oili, na siombi pole. Pole nimeshapewa na fundi wangu, tena huku anacheka. Naandika kwa sababu aliyenifanyia hivi bado anauza, bado anapokea simu kwa sauti ile ile ya kistaarabu, na nina uhakika kuna mmoja wenu humu anakusanya hela akampelekee.

Gari mnalijua, na yaliyoipata injini ya kwanza mnayajua, sirudii. Nilikuwa natafuta 1JZ-GTE ya VVT-i, ile injini ya Toyota ya silinda sita mstari yenye turbo, iliyokwisha kujengwa, yaani imewekewa vipuri imara ndani, niifunge, niitembelee kazini kila siku. Si gari la mashindano. Nilitaka iwake alfajiri bila kubembelezwa, ikae foleni saa nzima bila kuchemsha, na jioni barabara ikiwa nyeupe iwe na nguvu za farasi 400 na ushee. Akiba ya miezi kumi na minne. Nimeshaisema, tuendelee.

Tangazo lilisomeka: pistoni foji (za kufuliwa, imara kuliko za kumimina), konrodi foji (mikono inayoshika pistoni), stadi za hedi (boliti imara za kufungia kichwa cha injini), gasketi ya chuma ya tabaka nyingi, turbo mpya, farasi 450 kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu). Na chini yake: "Muuzaji makini kwa mnunuzi makini." Hilo "makini" ndilo lililonimaliza.

Sasa niwaeleze kwa nini niliamini, maana sitaki mnione mjinga kuliko nilivyo. Huyu mtu injini anaijua. Simu ya kwanza tuliongea dakika arobaini na sikumshika popote. Akanihesabia 1JZ kama anayesoma: ujazo sisi 2,492, bloku ya chuma, ilitoka kiwandani na farasi 280, ndiyo maana inavumilia kuongezwa. Akasema kinachoua injini ya turbo si farasi wengi, ni joto na petroli kupungua. Ukitembea taratibu injini inataka sehemu 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli, lakini turbo ikianza kusukuma mchanganyiko uwe mzito, yaani petroli izidi, mpaka hewa ishuke kwenye 11.5 hivi, vinginevyo petroli inalipuka kabla ya wakati wake na pistoni ndiyo inayopokea hicho kipigo. Mimi ndiye niliyekuwa nataka farasi 600. Yeye akanikataza! "Kaka, 600 ni za kupigia picha. Gari la kila siku tafuta turbo ya wastani, iamke kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, presha yake usivuke bar 1.2 kwa petroli ya kawaida, utazeeka nayo." Niambieni, tapeli gani anakupunguzia ulichoomba?

Akanifundisha na habari ya foji. Kwamba kuna aloi mbili za alumini zinazotumika sana, 4032 na 2618. Ya kwanza ina silikoni nyingi, ikipata moto haitanuki sana, kwa hiyo inafungwa kwa nafasi ndogo na asubuhi iko kimya. Ya pili inavumilia kipigo zaidi lakini inatanuka, kwa hiyo inaachiwa nafasi kubwa kwenye silinda na hupiga kelele mpaka ipate joto. "Zako ni 2618. Asubuhi zitalia kidogo, usiogope." Nilikwenda kuhakiki nikakuta ni kweli. Nikahakiki na mengine, kweli tupu. Shida yangu ilikuwa moja tu: maneno yote yalikuwa ya kweli, ila hayakuwa yanaihusu injini aliyokuwa ananiuzia.

Siku ya kwenda kuiona. Injini ilikuwa juu ya stendi, imeoshwa, kava ya valvu imepigwa rangi nyekundu, mabomba ya alumini yanang'aa mpaka unaona meno yako. Nikaegemeza mkono kwenye kava nikautoa haraka, ilikuwa ya moto. "Nimekuwashia mapema kaka, usije ukasubiri." Nikamshukuru. Jamani, nilimshukuru.

Ukutani kulikuwa na rafu ya maboksi. Boksi la pistoni, la konrodi, la stadi, la gasketi, yote na majina makubwa mnayoyajua. Akashusha la pistoni akanipa nilishike. Jepesi. Nikamwambia mbona tupu, akanijibu, "Ulitaka vitu vibaki boksini au viingie kwenye injini?" Tukacheka wote wawili. Akanipiga picha nimelishika, eti ya kumbukumbu.

Akaiwasha. Nisidanganye, mwili ulisisimka. Ile sita mstari inavyonguruma kwa chini, halafu turbo inavuta pumzi. Ikatulia kwenye mizunguko yake kama saa ya ukutani.

Tukaizima tupime mgandamizo, yaani silinda zinavyobana hewa. Akatoa plagi zote sita, akachukua kopo lenye mdomo mrefu akatia oili kidogo kwenye kila tundu, "ringi zilowe, injini imekaa muda." Kulikuwa na giza kule nyuma kwa silinda ya sita, mimi ndiye niliyemshikia tochi. Tochi ya simu yangu mwenyewe. Geji ikapanda vizuri, silinda zote sita zikipishana kidogo sana, na mimi nikaandika namba kwenye daftari kama mkaguzi. Akaniambia nizungushe turbo kwa kidole. Ikazunguka laini. Kisha karatasi ya daino, imewekwa plastiki: farasi 450, mstari mwekundu wa nguvu na wa bluu wa torki, ile nguvu ya kuzungusha. Ile karatasi niliipiga picha nikaiweka mbele ya simu. Siku kumi na tisa kila nikitazama saa naiona.

Nikalipa yote. Hakuna nusu kwanza, hakuna karatasi ya dhamana. "Dhamana ni namba yangu ya simu."

Asubuhi ya kwanza baada ya kuifunga ikalia. Tk tk tk. Nikampigia. "Foji hizo kaka, ngoja zipate moto." Baada ya dakika tatu ikapungua, nikaoga nikaenda kazini nikiwa na furaha. Wiki ya pili kelele ikaacha kupungua. Ikawa inakwenda na mimi njia nzima, na injini ikipata moto sana ndiyo inaongezeka. Hapa ndipo ningesimama. Pistoni legevu hunyamaza zikipata joto kwa sababu zinatanuka. Konrodi inayogonga huzidi, kwa sababu oili imekuwa nyepesi. Nilikuwa nayajua haya! Lakini ukishalipa, masikio nayo yanakuwa upande wa muuzaji.

Siku ya kumi na tisa, mlima, gia ya tatu, nikakanyaga. Ndiyo, ilikuwa bado haijatyuniwa, yaani kompyuta haijapangwa upya kwa injini hii, nilikuwa nasubiri zamu, na yeye aliniambia kompyuta ya kiwandani itabeba presha ya springi, ile ndogo kabisa ya turbo, bila tatizo. Hapo mtanishika, nishikeni. Nikasikia kama mtu anatikisa sarafu kwenye kopo, halafu nguvu zikakatika. Kwenye kioo nyuma sikuona kitu, moshi wa bluu tu, barabara nzima. Nilipofungua boneti kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimetupwa nje ya tundu lake na oili imetapakaa mpaka kwenye betri. Mama mmoja alisimamisha gari akaniuliza kama nina watoto ndani.

Fundi wangu kuifungua ilimchukua siku mbili, na mimi nilichukua likizo nikakaa kwenye ndoo pembeni. Pistoni za kumimina, za kiwandani, zenye umri wake. Konrodi za kiwandani. Boliti za hedi za kiwandani. Kuta za silinda zimekuwa kioo, ile michirizi ya kuhoni inayoshika oili haipo kabisa. Metali (beringi) za konrodi mbili zimelika mpaka shaba inaonekana. Oili ilikuwa nzito ajabu, imechanganywa na dawa ya kunyamazishia kelele. Turbo "mpya" mapanga yake yamekwangua nyumba yake, shafti inakwenda mbele na nyuma. Nikamwuliza fundi, sasa foji ziko wapi? Akanitazama. "Si alikwambia mwenyewe? Zimefojiwa."

Lakini kilichoniuma ni pistoni mbili. Ya pili ilikuwa imevunjika ukingo wa mfereji wa ringi, na pale palipovunjika panang'aa, alumini mpya. Hiyo ni ya mlimani, ni ya mguu wangu. Ya nne nayo imevunjika pale pale, ila mvunjiko wake ulikuwa mweusi tii, umeota masizi. Masizi ya siku nyingi. Ilivunjika kabla sijampigia simu hata ya kwanza. Ndiyo ile oili ya kwenye kopo: ukilowesha ringi, oili inaziba pengo kwa muda na geji inakupa namba nzuri. Kipimo kinafanywa kikavu kwanza, halafu cha oili ukilinganishe. Namba ikiruka, ringi hazipo. Yeye alianza na cha pili na mimi nikammulikia.

Na tuliambiana injini "imekaa muda." Imekaa muda, na ni ya moto? Nilisimama pale na vitu viwili hivyo mkononi na sikuvijumlisha.

Karatasi ya daino sasa. Farasi wanatokana na torki kwa futi-pauni mara mizunguko, ugawe kwa 5,252. Kwa hiyo mistari hiyo miwili ikichorwa kwa kipimo kimoja lazima ikatane kwenye mizunguko 5,252, iwe injini ya gari dogo au ya pikipiki. Yake ilikatana kwenye 4,000 na kidogo. Na nozeli, zile zinazopulizia petroli, zilikuwa za kiwandani, sisi 380 kwa dakika. Piga hesabu, nozeli sita za ukubwa huo zinafika kwenye farasi 300 hivi zikiwa zinahema. Kwa 450 unataka kama 550 kwenda juu. Yeye mwenyewe alinieleza habari za nozeli kwenye ile simu!

Nilimpigia. Akapokea, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kaka, injini ya turbo bila kutyuniwa ni kujiua, nilidhani unajua." Kwa upole. Tangu siku hiyo namba yangu haiingii. Mtu huyu asionywe, ashtakiwe. Afungwe kwenye stendi lake lile lile, awekewe ile tk tk tk masikioni usiku na mchana, na kila aliyemwuzia apewe zamu ya kumwambia "foji hizo kaka, ngoja zipate moto." Kama kuna mwanasheria humu anayejua kesi za namna hii, naomba anitafute faragha, nina jumbe zote, nina pistoni kwenye mfuko wa nailoni, nina daftari lenye namba. Tukiwa watatu au wanne nadhani tutasikilizwa. Mmoja mmoja tutaonekana wapenda mbio waliovunja magari yao.

Wanaouliza mtu afanye nini: nendeni kabla hajawasha, mguse injini ikiwa baridi, akikataa ondokeni. Kamera ya waya kupitia tundu la plagi, sehemu ya juu ya pistoni foji nyingi utaona alama za mashine iliyoichonga. Kipimo cha upotevu wa hewa, si mgandamizo tu, usikilize hewa inatokea wapi. Ikipulizia kwenye mfuniko wa oili mjue ringi. Turbo msiizungushe, isukumeni na kuivuta. Na aliyejenga injini kweli ana karatasi ya vipimo vyake, nafasi ya pistoni, pengo la ringi, nafasi ya metali, silinda kwa silinda, na picha bloku ikiwa wazi. Huyu nilipomwuliza picha aliniambia simu yake iliibiwa. Mengine nitaandika nikitulia, sasa hivi nikifikiria lile kopo la oili nataka kutupa kitu.

Jana usiku tangazo limerudi. Injini nyingine, kava nyekundu, safari hii farasi 500. Picha ya kwanza ni boksi la pistoni limeshikwa na mnunuzi, sura imekatwa. Saa iliyo kwenye mkono ule ni yangu.