Usiku wa Krismasi ya 1977 Kwenye BBC1: Tathmini ya Mtazamaji wa Leo

Saa moja na robo usiku mtangazaji Bruce Forsyth, saa mbili na dakika ishirini mwigaji Mike Yarwood, saa tatu kasoro dakika tano wachekeshaji wawili Morecambe na Wise: hivyo ndivyo BBC1 ilivyoupanga usiku wa Jumapili, tarehe 25 Desemba 1977, na kwa mpangilio huohuo nimejaribu kuutazama mwenyewe, karibu miaka hamsini baadaye. Ratiba niliipata katika Programme Index, hifadhi ya BBC inayomwezesha mtu yeyote kusoma bure mtandaoni orodha za vipindi zilizochapwa na jarida la Radio Times tangu 1923. Kipindi cha Morecambe na Wise ninacho kwenye diski niliyoinunua katika duka la mitumba. Vile vingine viwili nimeviona kwa vipande tu, kwa hiyo maoni yangu juu yake yapokewe kwa kadiri hiyo.

Hifadhi hiyo ni huduma njema, lakini ina mipaka ambayo mtumiaji anapaswa kuijua mapema. Ratiba zake zilichapwa kabla ya siku yenyewe, hivyo zinaeleza kilichokusudiwa kurushwa, na si lazima kiwe ndicho kilichorushwa. Maandishi yalisomwa na mashine kutoka kwenye kurasa za zamani, na mara nyingine herufi zimepotoka. Zaidi ya hayo, huwezi kuona humo ITV, chaneli ya kibiashara iliyoshindana na BBC, ilionyesha nini usiku ule, kwa sababu hadi 1991 Radio Times ilichapa ratiba za BBC peke yake, na familia iliyotaka kujua mambo ya ITV ililazimika kununua jarida la pili, TV Times.

Kipindi cha Forsyth, The Generation Game, ni mashindano ya familia, na mtazamo mmoja unatosha kukielewa. Mshindi hukaa mbele ya mkanda unaotembea, vyombo vya nyumbani vinapita mbele ya macho yake kimoja baada ya kingine, kisha anavitaja kwa haraka, na kila anachokikumbuka kinakuwa chake. Bado kinafurahisha, hasa pale mtazamaji aliyeketi nyumbani anapokumbuka chombo ambacho mshindani amekisahau na kujikuta akipaza sauti.

Kwa Yarwood sikufurahi sana. Alikuwa bingwa wa kuigiza sauti na nyuso za wakubwa wa siku zake, akina Harold Wilson na Edward Heath waliowahi kuwa mawaziri wakuu wa Uingereza, na anayewafahamu watu hao ataona jinsi alivyowapatia. Asiyewafahamu anabaki kumtazama mtu akitikisa mabega na mtemba wake. Kilichodumu katika kipindi chake ni wageni, Paul McCartney na kundi la Wings, walioimba Mull of Kintyre, wimbo uliokuwa ukiongoza katika chati za Uingereza wiki hizo.

Ndipo wanakuja Eric Morecambe na Ernie Wise. Hapa sina budi kusema wazi kwamba sijaona saa moja ya vichekesho vya televisheni iliyotengenezwa kwa uangalifu kuliko hii. Maneno yaliandikwa na Eddie Braben, na Ernest Maxin, mtayarishaji aliyeijua vizuri sanaa ya dansi, akayapa mwendo. Sehemu inayokumbukwa zaidi ni wimbo wa mabaharia kutoka tamthilia ya muziki ya South Pacific, ambapo wasomaji wa habari na watangazaji wengine, watu ambao Waingereza waliwazoea wakiwa na tai na karatasi mezani, wanatokea wamevaa sare za mabaharia: Richard Baker, Peter Woods, Frank Bough, Barry Norman na wenzao. Kila mmoja anajiandaa kuruka. Picha inakatwa, na mwanasarakasi wa kweli anapinduka hewani. Picha inakatwa tena, na yule mtangazaji anasimama wima kana kwamba ni yeye aliyeruka. Nimeirudisha sehemu hiyo mara nne nikitafuta mahali picha zilipounganishwa. Unajua kabisa kuwa si yeye, na bado unacheka, kwa sababu uso wake haubadiliki hata kidogo.

Mwigizaji Penelope Keith naye anastahili sifa zake. Anashuka ngazi za fahari akiwa na gauni refu, kichwa juu, hadi anapokuta kwamba ngazi hazikumalizwa kujengwa, na inambidi ajishushe kwa mikono na miguu huku akijitahidi kulinda heshima yake. Hakuna tafsiri inayohitajika hapo. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya kipindi hiki na cha Yarwood: kinategemea mwili, macho na kujua ni sekunde ngapi za kunyamaza.

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba watu milioni 28 walikitazama kipindi cha Morecambe na Wise, yaani nusu ya Uingereza. Hesabu nyingine za wakati huo zinakipa kiasi cha milioni 21, na Yarwood akiwa juu kidogo. Mimi naiamini zaidi hesabu ndogo, nayo haikipunguzii kitu. Nchi ilikuwa na chaneli tatu tu wakati huo, na 1978 wawili hao wakahamia Thames, kampuni ya upande wa ITV.

Wasomaji wa Kenya waliokua na Mind Your Language, kichekesho cha darasa la wageni wanaojifunza Kiingereza, wajue kwamba kipindi hicho kilianza kurushwa siku tano tu baada ya usiku huu, tarehe 30 Desemba, kwenye ITV. Atakayevilinganisha ataona jinsi BBC ilivyotumia fedha na muda zaidi kwenye kila dakika.

Atakayeipata diski asiizime anapodhani kipindi kimekwisha. Mwanamuziki Elton John, ambaye muda wote amekuwa akizunguka jengo akitafuta studio, anafika watazamaji wakiwa wamekwisha kuondoka. Anaketi kwenye piano na kuimba mbele ya viti vitupu, huku Eric na Ernie, wamevaa kama wanawake wa usafi, wakimsikiliza.