Nilinunua viazi vya Yerusalemu mtandaoni nikavipanda Kinyerezi, haya ndo yaliyonikuta

Kila nikiweka picha ya haya maua kwenye status watu wananijia inboksi, dada hiyo alizeti gani mbona ndogo hivyo, nikiwaambia chini yake kuna viazi hawaniamini, basi leo naandika yote mahali pamoja nisirudie rudie. Ni alizeti kweli, ndugu wa damu wa ile ya mafuta inayotoka Singida, jani linakwaruza vilevile, shina lina vinyweleo vilevile, ila ua lake halizidi sana mdomo wa kikombe cha kahawa. Mali iko chini ya udongo. Jina la dukani ni atichoki ya Yerusalemu, muuzaji wangu akaita viazi vya Yerusalemu, na mimi nikaingia na wazo kwamba vimetoka Nchi Takatifu. Hamna. Asili yake bara la Amerika ya Kaskazini, wenyeji wa kule walikuwa wanalima zamani, mwaka 1605 Mfaransa mmoja Samuel de Champlain akavikuta kwenye mashamba yao pwani ya Cape Cod, huko Marekani, akaonja akaona ladha kama ya atichoki, ile mboga ya Wazungu. Hiyo Yerusalemu wengi wanasema ni neno la Kitaliano girasole, yaani alizeti, Waingereza wakalivuruga mdomoni. Kwa hiyo mtu akikuuzia kwa habari za upako mwambie akae chini.

Mimi sikuuziwa kwa upako, niliuziwa kwa sukari. Bi mkubwa wangu ana kisukari huu mwaka wa tisa na anakaa kwangu, sasa kwenye kikoba chao wakarushiana tangazo, picha ya viazi vimepangwa kwenye ungo na maandishi mekundu KINA INSULINI YA ASILI, SEMA KWAHERI SINDANO. Akanionyesha mara tatu siku moja. Nikamcheki muuzaji, akajibu fasta kweli, mzigo upo mpendwa, nusu kilo elfu thelathini, tuma na ya kutolea, usafiri juu yako. Elfu thelathini kwa nusu kilo! Kwa hela hiyo napata viazi mviringo ndoo nzima na chenji inabaki. Lakini nani anaweza kumkatalia mama yake, nikatuma, boda akaleta kutoka Kariakoo kwa elfu tano nyingine na bado akaomba ya maji.

Sasa boksi. Ndani kuna gazeti, ndani ya gazeti mfuko wa nailoni umefungwa fundo, nilipofungua ikanipiga harufu ya uchachu kama ya unga ulioloweshwa ukasahaulika. Vilikuwa vipande 14. Vitatu vimeoza, ukibonyeza kidole kinazama. Vilivyobaki ukiviona haraka utasema tangawizi, vina vinundu vinundu hivyo hivyo, ngozi ya pinki iliyopauka, na vingi vimejikunja kama vidole vya mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Baadaye nikaja kujua ngozi ya hiki kitu ni nyembamba mno, hakikai kama kiazi mviringo, ukikiacha wazi siku chache kinanyauka, ukikifungia kwenye nailoni kwa joto letu hili kinaoza, kwa hiyo inabidi kiwe kwenye mchanga wenye unyevu kidogo au kibaki ardhini mpaka siku ya kula. Muuzaji anayechaji elfu thelathini hilo alitakiwa alijue. Nilimpigia picha vile vitatu nikamtumia, tiki za bluu zikatokea, jibu halikuja.

Kulikuwa na karatasi ya maelekezo. Naomba niwaambie imenakiliwa Ulaya neno kwa neno, eti panda mwezi wa tatu hadi wa tano udongo ukianza kupata joto, vuna baada ya barafu kuua majani. Barafu ninayoijua mimi ni ya ukwaju. Na udongo wa Kinyerezi lini ulikuwa hauna joto? Halafu hakuna hata mstari mmoja unaosema kwamba mmea huu unafuata urefu wa mchana, kule kwao majira ya joto mchana ni mrefu sana kwa hiyo unakula jua unarefuka mpaka mita 3, siku zikianza kufupika ndo unashusha chakula chini unatunga viazi. Huku kwetu mchana na usiku karibu sawa mwaka mzima, mmea unadhani tayari ni mwisho wa msimu, unawahi kutoa maua na kutunga ukiwa bado mfupi. Wangu ulikomea begani kwangu na mimi sio mrefu. Nilihangaika nikidhani nimekosea mbolea, kumbe ni jua la Dar tu. Watu wa Thailand wanalima hiki kitu na joto lao, kwa hiyo inawezekana, ila usitegemee yale mapicha ya mtu amesimama amefunikwa na msitu.

Nilipanda mwisho wa mwezi wa tatu, masika ndo zinaanza, vipande 11. Vitano kwenye tuta nyuma ya jiko, kichanga chetu hiki nimechanganya na samadi ya ng'ombe, sita kwenye viroba vya sandarusi. Kina cha sentimita 10 hivi, nafasi kama hatua ndogo moja. Vinane vikaota, kimoja kilikaa karibu mwezi mzima nimeshakata tamaa ndo kikachomoza. Kuhusu viroba nisikilizeni vizuri: mkipanda hivi pandeni kwenye kiroba au ndoo iliyotobolewa. Kipande kidogo kama ncha ya kidole kikibaki ardhini kinaota tena, mimi lile tuta nimeshavuna nikachimbua nikapanda matembele, na sasa hivi kati ya matembele kuna alizeti nne zinanichekea. Maji ni ya kawaida tu, mvua ilipokata nilimwagilia jioni mara tatu kwa wiki. Shida iliyonipata ni ule ugonjwa wa shinani, mvua zilipokolea shina moja lilinyauka ghafla mchana, nikafukua kidogo nikakuta nyuzi nyeupe za ukungu zimezunguka pale linapogusana na udongo, siku mbili la pili yake likafuata. Nikang'oa yote mawili na udongo wake nikatupa, yaliyobaki nikasogeza mboji isiguse shina. Panya nao walionja viwili vitatu.

Mwezi wa nane majani yakawa ya kahawia, nikamwita mwanangu wa mwisho tumwage kiroba cha kwanza kwenye turubai. Jamani raha ile. Tulipindua, mchanga ukamwagika, halafu likabaki donge la mizizi limeng'ang'ania, yeye anatikisa, viazi vinadondoka pu, pu, pu, vya pinki na vibichi vinang'aa sio kama vile vikongwe vya kwenye boksi, akahesabu 23, vikubwa kama yai, vidogo kama karanga. Mashina sita yaliyobaki yalinipa kama kilo tatu na nusu jumla. Kwa wenzetu wa nchi za baridi hayo ni mavuno ya aibu, kwa nusu kilo iliyofika imechoka mimi nimeridhika.

Kuosha ni kero, vile vinundu vinaficha mchanga, tumia mswaki wa zamani na usihangaike kumenya. Ukikata weka kwenye maji ya limau vinginevyo vinageuka rangi ya kutu. Kibichi kwenye kachumbari kinalia kacha kacha, kitamu, kwa mbali kama korosho mbichi. Nikapika tui la nazi na kamba, pilipili mbuzi moja nzima juu, na hapa sidanganyi, baba watoto ambaye huwa hali kitu asichokijua kwao Songea aliongeza sahani mara mbili.

Usiku sasa. Saa nne baba watoto akaenda kuangalia geti. Saa tano akaenda tena. Saa sita nikamwambia baba lala, geti halina tatizo, wote tunajua tatizo liko wapi. Watoto chumbani wanacheka, bi mkubwa anasoma istighfari, ilikuwa ngoma nyumba nzima. Ufaransa wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, viazi mviringo vilipokuwa vinachukuliwa na Wajerumani, watu walibaki wanakula hivi, na wengi baada ya vita hawakutaka kuviona tena, usiku ule niliwaelewa. Anzeni na vipande viwili vitatu kwa mtu. Siku hizi nachemsha muda mrefu na limau namwaga yale maji kabla ya kuunga, kwetu imesaidia, geti linalindwa mara moja tu.

Sababu ya gesi ndiyo hiyo hiyo iliyonifanya nimkasirikie muuzaji. Ndani ya hivi viazi kuna inulini. I-nu-li-ni. Sio insulini. Herufi moja tu imepotea na mtu angeweza kupotea nayo. Inulini ni aina ya wanga ambao tumbo letu haliwezi kuuvunja, unashuka mzima mzima mpaka utumbo mpana, bakteria wanaula, wanatoa gesi, na kwa kuwa hauvunjwi haupandishi sukari kama ugali au kiazi mviringo. Hapo ni sawa, ni chakula kizuri kwa mwenye kisukari akila kwa kiasi. Insulini ni homoni inatoka kwenye kongosho, na hata ungeila ingesagwa tumboni kama nyama, ndo maana watu wanachomwa. Mimi haya sikuyajua wakati nanunua. Nimeyajua kwa sababu wiki ile tumepanda tu, hata havijaota, nilikuta kwenye friji kalamu ya bi mkubwa ya kuchomea insulini haijashuka. Nikamuuliza, mama mbona dawa iko palepale? Akaniambia kwa utulivu kabisa, mwanangu napunguza ili mwili uzoee, si vile viazi vinakuja. Alikuwa ameruka siku tatu, na kuna vipande viwili aliviiba kwenye boksi kabla sijavihesabu akatafuna vibichi. Nikamkimbiza kliniki, kipimo cha sukari kilisoma 19, juu sana. Nesi akachukua karatasi akaandika maneno yote mawili, moja juu ya lingine, akamwambia mama haya soma. Ile karatasi ameibandika yeye mwenyewe kwenye mlango wa friji mpaka leo.

Nilimwandikia muuzaji nikamweleza yote, sikutaka hela, nilitaka abadilishe tangazo. Hiyo alijibu: pole mpendwa, kila mwili una namna yake. Tangazo bado liko vilevile na bei imepanda imekuwa elfu thelathini na tano.

Kwa hiyo mmea nyota nne, nimetoa moja kwa ajili ya usiku ule. Muuzaji nyota moja, na hiyo ni ya kujibu fasta kabla sijatuma hela. Mbegu za msimu wa vuli nilikuwa nimezitenga, niliziweka friji kule chini kwa mboga ndani ya mchanga wenye unyevu kwa wiki sita maana kwao zinahitaji baridi ndo ziamke, wiki iliyopita zimeanza kutoa macho. Ni nyingi kuliko viroba nilivyonavyo. Majirani wa Kinyerezi msimpe mtu elfu thelathini na tano, pitieni na mfuko wa karatasi, wa nailoni sitoi.