Pa kuhifadhi picha zako: nunua kipi kwanza, kipi uache dukani

Diski inapokufa hutoa mlio. Tik, tik, tik, kimya, halafu tik, tik tena. Niliusikia nyumbani kwangu Tabata, Dar es Salaam, siku mtoto alipopita mbio, mguu ukanasa kwenye waya, na diski ikadondoka kutoka mezani hadi kwenye vigae ikiwa bado inazunguka. Ndani yake mlikuwa na picha za familia za miaka sita, zikiwemo zote nilizompiga marehemu baba. Kwenye simu nilikuwa nimeshazifuta nipate nafasi, maana nilijiambia bekapu ninayo. Kumbe sikuwa na bekapu. Nilikuwa nimezihamisha tu.

Fundi niliyempelekea aliifungua palepale kaunta, feni ikipuliza. Sikujua kwamba ningepaswa kumzuia. Vichwa vya kusomea ndani ya diski ya aina ile huelea juu ya sahani kwa mwanya mwembamba kuliko punje ya vumbi, na ikifunguliwa nje ya chumba maalumu kisicho na vumbi, hata kilichosalimika huweza kuharibika. Diski yako ikianza mlio huo, ichomoe, usiichomeke tena na tena kuijaribu, na usikubali ifunguliwe kaunta.

Picha chache za baba nilizipata kwa shangazi yangu aliyeko Tanga, kwa sababu niliwahi kumtumia kwa WhatsApp. Nilishukuru sana, kisha nikaivuta moja niikuze: baba amekaa barazani na kofia yake ya viua. Ile kazi yote ya sindano kwenye kofia ilikuwa imegeuka ukungu wa rangi ya maziwa. WhatsApp hubana picha kabla ya kuituma. Ukitaka ifike kama ilivyo, itume kama waraka (document), si kama picha.

Tangu siku hiyo nimenunua, nimejaribu na nimerudisha vifaa vingi. Ninaowaandikia ni watu wa kawaida wenye picha za watoto, za harusi na za wazee wao, wenye fedha ya kununua kitu kimoja au viwili kwa mwaka. Kipimo changu ni kanuni iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, na moja kati ya hizo ilale nje ya nyumba yako. Hiyo ya tatu ndiyo tunayoipuuza, ilhali mwizi akiingia hubeba laptopu pamoja na diski iliyo pembeni yake, na maji ya mafuriko hayachagui droo.

Kabla ya kwenda dukani, fungua mipangilio ya simu uone picha na video zako zimechukua GB ngapi. Picha ya simu mara nyingi huwa na MB 3 hadi 5, kwa hiyo TB 1, yaani GB 1,000, hubeba picha kama 250,000 za MB 4. Watu wengi wanadhani wanahitaji diski kubwa kuliko wanayohitaji. Video ndizo zinazokula nafasi.

Ya kwanza: diski mbili za nje, za kawaida, ndogo

Nasema mbili makusudi. Ukiwa na fedha ya diski moja ya TB 4, nunua mbili za TB 1 au za TB 2. Hizi ni zile ambazo wengi huziita eksteno, za inchi 2.5, zinazopata umeme kupitia waya wa USB. Za inchi 3.5 huhitaji adapta ya ukutani, na kwa umeme wetu unaokatika bila taarifa, diski inayokula chaji ya laptopu ni salama zaidi: umeme ukienda katikati ya kunakili, laptopu inaendelea na kazi.

Kwa kila GB, ni miongoni mwa vifaa vya bei nafuu zaidi ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuviamini. Seagate, WD na Toshiba zote ni nzuri. Chukua mbili za kampuni tofauti, kwa kuwa zilizotoka kiwandani pamoja zinaweza kubeba kasoro moja. Boksi liwe na lakiri yake. Namba iliyoko kwenye boksi ifanane na iliyo mgongoni mwa diski, kisha uiingize kwenye tovuti ya kampuni uone kama dhamana bado ipo. Muuzaji akikataa usifungue boksi ulinganishe namba, toka.

Ukifika nyumbani usikimbilie kuweka picha. Ijaze kwanza mafaili yasiyo na thamani mpaka iseme imejaa, uyafungue baadhi yake, ndipo uyafute. Diski yenye kasoro ya kiwandani mara nyingi hujionyesha mapema, na ni heri ijionyeshe risiti ikiwa bado mpya. Kama unatumia Windows na Mac kwa zamu, ipange (format) kwa mfumo wa exFAT ili isomeke kote. Na kama unatumia aina moja tu, ifunge kwa nenosiri. Matoleo ya Pro ya Windows yana BitLocker, na Mac ina njia yake ya kufunga diski. Picha za watoto wako wakioga si za kuonwa na mtu aliyeokota begi lako kwenye daladala. Nenosiri hilo liandike kwenye karatasi, umpe mtu mmoja unayemwamini, maana ukilisahau hata kampuni iliyotengeneza diski haitaweza kukufungulia.

Diski yangu ya pili ipo Tanga kwa shangazi, kabatini, ndani ya kopo la biskuti, imefungwa kwenye kipande cha kanga pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kwetu pwani unyevu na chumvi huharibu chuma, kwa hiyo kopo lenye mfuniko unaobana si mapambo. Kila Idd nikienda nabeba diski iliyo Dar, naiacha kule, narudi na ile iliyokuwa kabatini. Hakuna diski inayokaa mwaka mzima bila kuwashwa, na shangazi ameshazoea. "Shikamoo shangazi," nasema mlangoni. "Marahaba mwanangu. Umekuja na mwenzake?" Anaulizia diski kabla ya mizigo.

Ikifika miaka mitano, hata kama bado inafanya kazi, ibadilishe.

Ya pili: hifadhi ya mtandaoni ya kulipia

Hii ndiyo inayokuokoa simu ikiporwa saa moja usiku kituoni, kwani picha ya jioni ileile imeshapanda. Eksteno haiwezi kukufanyia hivyo. Kwa mtu asiyejiamini kukumbuka kuchomeka diski kila mwezi, aanze na hii, kisha anunue diski.

Google hutoa GB 15 bure, lakini hizo zinagawanywa kati ya barua pepe, Drive na picha, na siku hizi hata bekapu ya WhatsApp kwenye simu za Android inahesabiwa humo. Ule wakati wa kupakia picha zilizobanwa bila kikomo uliisha tarehe 1 Juni 2021, na bado nakutana na watu wanaodhani upo. Picha zao ziliacha kupanda zamani, nao hawana habari. Fungua programu uone imeandika nini juu. Apple hutoa GB 5 tu, ambazo kwa mwenye watoto huisha haraka sana. Kwa familia nyingi GB 100 au 200 za kulipia zinatosha. Asiye na kadi ya benki anaweza kulipa kwa kadi ya mtandaoni inayotolewa na kampuni nyingi za pesa za simu.

Gharama isiyoandikwa kwenye tangazo ni bando. Kupandisha GB 100 kunakula GB 100 za intaneti, na kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde ni kama saa 44 mfululizo. Panga kulifanya pole pole, usiku, kwenye Wi-Fi ya nyumbani au ya kazini kama unaruhusiwa, na kwa muda huo zima ruhusa ya kutumia data ya simu.

Sababu ya kuiweka ya pili ni hii: ni kioo cha simu yako. Ukifuta picha ndani ya programu ya Google, inafutika mtandaoni pia. Hukaa kwenye pipa la taka siku 60, kisha inakwenda. Kwa Apple ni siku 30. Mtoto akichezea simu, au wewe ukifuta ili kupata nafasi, na usitambue mpaka muda upite, hakuna wa kumlilia. Akaunti ya Google isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Na ukiacha kulipia huku umepita kiwango cha bure, picha mpya hazipandi tena.

Mambo mawili yafanye siku hiyohiyo unapolipia. Weka uthibitishaji wa hatua mbili, na kama unaweza utumie programu ya kutoa namba za siri badala ya ujumbe wa simu, kwa kuwa matapeli wa kuhamisha laini wanautafuta ujumbe huo. La pili ni gumu kulizungumza: chagua nani afungue picha zako siku ukiondoka duniani. Google wana mpangilio wa akaunti isiyotumika, Apple wana mrithi wa akaunti. Nimeona familia inayo simu ya marehemu mkononi, inawaka, na hakuna anayeweza kuifungua ipatikane hata picha moja ya kuweka msibani.

Ya tatu: SSD ya kubebeka

SSD ni diski ya chipu. Haina kinachozunguka ndani, hivyo ikidondoka mezani kwangu siku ile ningeiokota na kuendelea na chai. Ni nyepesi na ina kasi kubwa. Mpiga picha wa harusi anayezunguka na kazi yake kila Jumamosi namshauri ainunue kabla ya hizo mbili za juu; Samsung T7 imenitumikia vizuri.

Lakini kwa GB zilezile bei yake ni kubwa kuliko ya eksteno, na inaweza kufa ghafla bila mlio wowote wa kukuonya. Pia chipu zake hushika data kwa chaji ndogo ya umeme inayovuja pole pole, na joto huiharakisha. Usiifungie kabatini miaka na miaka. Hiyo kazi iachie eksteno.

Ya nne: NAS

Ni kisanduku chenye diski mbili au zaidi kinachokaa nyumbani na kupokea picha za simu zote kupitia Wi-Fi. Synology na QNAP wanavitengeneza. Kwa studio sawa, mradi kuwe na UPS, yaani betri ya akiba umeme ukikatika. Kwa nyumba ya kawaida ni gharama kubwa, na diski mbili zilizomo si bekapu: ukifuta kwenye moja, ya pili nayo inafuta.

Ya tano: flashi na memori kadi

Hapa nina uchungu. Niliwahi kununua flashi iliyoandikwa TB 2 kwa bei isiyofika nusu ya eksteno ya TB 1. Kompyuta nayo ikasema TB 2. Niliweka picha, majina ya mafaili yakaonekana yote, ila baada ya zile za mwanzo kila nililolifungua lilikuwa jeusi au lina mstari wa kijivu. Niliipasua: ndani kulikuwa na memori kadi ndogo ya GB 32 imebandikwa kwa gundi. Zinachezewa ili zidanganye ukubwa wake, na zikijaa huandika juu ya picha za zamani au huandika hewani.

Programu ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Mac na Linux, itakuambia ukubwa wa kweli. Zote ni za bure. Endesha mojawapo kabla ya kuweka chochote, na hata flashi ikifaulu itumie kubebea tu. Ukienda kuchapisha stesheneri, peleka flashi yenye picha unazochapisha peke yake, usipeleke nakala yako pekee, kwani virusi huhama kwa njia hiyo kila siku.

DVD sikuzipanga kabisa. Moja hubeba GB 4.7, na laptopu mpya nyingi hazina pa kuiingiza.

Kisha chapisha

Zamani picha zako zilikuwa na nakala bila wewe kujua, kwani negativu, ile filamu yenyewe, ilibaki studio. Capital Art Studio ya Zanzibar ilianza kazi mwaka 1930, na picha zake bado zinaonekana. Sasa negativu ni ile faili iliyo mfukoni mwako. Kila Desemba nachagua 50 nazichapisha kwenye karatasi halisi ya picha, nyuma naandika jina, mahali na mwaka kwa penseli. Mama yangu hafungui diski, lakini albamu anaifungua kila mgeni akija.

Idd iliyopita nilipoichukua diski kwenye kopo, niliichomeka palepale sebuleni kwa shangazi nikafungua picha 20 kutoka folda mbalimbali. Hivyo ndivyo ninavyoijaribu kila mara. Zote zilifunguka. Shangazi akaniambia nimwonyeshe ya kaka yake. Ni ileile ya WhatsApp. Akavaa miwani, akasogea, akaniomba niikuze ile kofia, kwa sababu aliishona yeye.