Nimemiliki baiskeli tano hapa Dar, leo nimebaki na mbili na nusu

Kila wiki lazima kuna mtu atanisimamisha, kama sio kwenye foleni Buguruni basi ofisini, dada nataka kununua baiskeli ninunue ipi, nami badala ya kumjibu naanza kumuuliza unakaa wapi, ghorofani au chini, fundi wako nani, anaona kama namzungusha. Simzungushi. Mwaka juzi mi nilikua na baiskeli tano ndani ya chumba na sebule Tabata, moja nyuma ya kochi, mbili jikoni, moja kibarazani, na moja nimeitundika kwenye msumari juu ya kitanda, usiku naiangalia naomba Mungu msumari ushike. Sasa hivi ninazo mbili na nusu. Hiyo nusu ntaielezea, sio utani.

Kuna hesabu ya mzaha waendesha baiskeli wanaipenda sana, wanasema idadi sahihi ya baiskeli ni n jumlisha moja, n ni zile ulizonazo tayari, yani hata ukiwa nazo kumi bado imepungua moja. Halafu kuna hesabu ya pili ya kuizuia ile ya kwanza, s toa moja, s ni ile idadi ambayo ukiifikia mwenzako anafungasha virago. Mi sina mume, s yangu ilikua mama mwenye nyumba. Siku nimeingiza ya tano akaja mpaka mlangoni, akasimama, akahesabu kwa kidole, akasema "we mwanangu, umefungua gereji na hujaniambia?" Kodi ilikua inaisha mwezi ule. Nikaanza kufikiria vizuri.

Nianze na ya kwanza. Mi ni mtoto wa Ifakara, na kama umewahi kufika Ifakara unajua kule baiskeli ndo daladala, ndo ya kupelekea mgonjwa hospitali, ndo ya kubebea mpunga kutoka shamba. Nilipopata kazi mjini baba akanipa Phoenix yake, ikaja kwenye buti la basi imefungwa kamba za katani. Ile baiskeli sina neno baya nayo ila hapa Dar haikua mahali pake. Spoki nyuma 40 mbele 32, nimezihesabu mwenyewe, keria ya kubeba gunia, fremu ambayo mi na wewe hatuiui. Shida ni breki. Zile ni za vyuma sio waya, zinavuta mpira chini ya rimu, na rimu zenyewe chuma, sasa ikinyesha ukibonyeza ni kama unaomba dua tu, inasimama ikitaka. Kijijini unapiga kengele watu wanapisha. Barabara ya Mandela una kontena la futi 40 mbele na lingine nyuma, yanatoka bandarini, dereva hata hajui kama upo. Masika moja nilisimama nikiwa nimebakiza kama mkono mmoja kufika kwenye bampa la lori. Nikairudisha Ifakara, mpaka leo inafanya kazi kuliko hizi zangu zote, mdogo wangu anapelekea maziwa.

Ya pili ndo hii ya kikapu, mtumba wa Japani, wenyewe Wajapani wanaiita mamachari, hapa kila mtu anazijua, zina kikapu mbele, stendi ya miguu miwili, kufuli la duara kwenye tairi la nyuma na taa ya dainamo. Niliikuta Ilala siku wanafungua kontena, 190,000 baada ya kubishana sana na jamaa aliyetaka 250,000. Nawaambia ukweli kabisa, kwa mtu anayeenda kazini Dar hii ndo baiskeli na mnaoicheka mnajichelewesha. Nakwenda Tabata mpaka Posta nimevaa sketi, bomba la juu halipo kwahiyo sirushi mguu, mnyororo una kava kwahiyo gauni halishiki grisi, madigadi yapo mbele na nyuma kwahiyo kwenye madimbwi ya barabara ya Uhuru sifiki mgongo umechorwa mstari wa tope. Kikapuni laptop, hotipoti, khanga ya dharura. Daladala unalipa kwenda unalipa kurudi, sijaweka jasho la watu, we piga hesabu ya mwaka.

Ina gia tatu na zote zipo ndani ya habu, kile kitovu cha tairi la nyuma, nje huoni kitu, na hapo ndo mafundi wengi wanapoharibu. Gia zikianza kuruka fundi anakimbilia kufungua habu, akishafungua vinamwagika vidude kama saa ya ukutani na hatorudisha. Usikubali! Mara nyingi ni waya tu umelegea. Weka gia ya 2, angalia pale mwisho wa ekseli kuna kidirisha kidogo, ndani kuna mstari, kaza au legeza ile nati ya waya mpaka mstari ukae katikati ya alama, basi, umemaliza, dakika mbili. Haya nilijifunza baada ya kulala siku nne bila baiskeli na kulipa elfu kumi na tano za "kufungua injini". Kero yake ni breki ya nyuma, ya mkanda ndani ya kikombe, inalia kama mbuzi anayechinjwa, nimepaka, nimesafisha, nimekata tamaa. Ila bodaboda wakiisikia wanageuka, kwahiyo nimeamua kuihesabu kama honi. 9 kwa 10.

Ya tatu nilinunua kwa hasira. Kuna shoga yangu anakaa Kigamboni, Jumapili tunavuka na pantoni halafu tunaingia njia za ndani kule Gezaulole kwenda baharini, na mamachari kwenye mchanga inakua jembe, tairi nyembamba inazama, unashuka unasukuma jua la saa saba. Nikachukua mauntenibaiki, yani baiskeli ya milimani, tairi pana la inchi 2 na kitu, 320,000. Kwenye mchanga raha kweli, unapunguza upepo kidogo inaelea. Ila nilienda mara ngapi? Mara nane kwa mwaka, na shoga yangu mwenyewe akaolewa Tanga. Miezi iliyobaki ilikaa kibarazani ikila chumvi na vumbi. Hapa ndo watu hawaambiani ukweli, baiskeli iliyosimama nayo inakula hela, tairi linapasuka pasuka pembeni kwa joto, tyubu linashuka, vile vinati vya kukazia spoki vinashika kutu, ukija kuitoa unaanza na elfu thelathini kabla hujapiga pedali.

Na hiyo mauntenibaiki ndo iliyonifundisha kitu ambacho natamani kila anayenunua baiskeli ya pili akijue kabla. Nilijua nina baiskeli mbili za inchi 26, safi, tyubu na tairi za akiba nitashea. Wapi! Tairi la mamachari limeandikwa 26 x 1 3/8, la mauntenibaiki limeandikwa 26 x 2.1, nimenunua moja Kariakoo nimerudi nalo nyumbani, haliingii. Fundi anavuta na bisibisi mbili mpaka anatoka jasho, mi nimeshika taa ya simu. Kumbe angalia vizuri ubavuni mwa tairi kuna namba nyingine ndogo, kama 37-590, hiyo ya mwisho ndo ukweli, ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu kwa milimita. Mamachari ni 590, mauntenibaiki ni 559. Tofauti milimita 31, hata uite na mganga haliingii. Mchezo ni ule ule kwenye inchi 28, Phoenix ni 635 na ile yangu ya mbio, ntaifikia, ni 622, zote wauzaji wanakwambia ishirini na nane dada chukua. Kwahiyo usiseme 26 dukani, soma namba ya milimita, au nenda na tairi bovu mkononi kama unaenda kununua kitasa.

Ya nne ni ya kukunja, ntaipitia haraka maana inaniuma. Tairi za inchi 20, mtumba pia, nilijidanganya nitakua napanda nayo daladala mvua ikinyesha. Konda wa kwanza akasema lipia siti mbili. Wa pili hata hakusimama. Na yale matairi madogo yakikutana na shimo yanaingia yote, meno yanagongana. Miezi saba tu nikaona ufa mwembamba kama unywele pale kwenye bawaba inapokunjia, fundi akasema naichomea hii bure. Nikakataa. Bawaba ndo inakushika wewe nzima, ikiachia kwenye mwendo unalala barabarani mbele ya lori, sio kitu cha kuchomea kwa kujaribu. Sasa ipo chini ya kitanda haina pedali, haina mishikio ya breki, haina taa, kila ikiharibika ya kikapu naenda kuichuna. Hiyo ndo nusu yangu, na kwakweli imenisaidia zaidi ikiwa maiti.

Halafu ya tano, hii ya mbio. Naipenda kiasi kwamba siwezi kuiandikia kwa haki, mnisamehe. Niliinunua kwa mtu aliyekua anahama nchi, 850,000, nililipa kwa awamu mbili na nikala ugali dagaa miezi miwili. Jumamosi tunakutana Mwenge saa kumi na moja na nusu alfajiri, Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, mpaka Bagamoyo, kwenda na kurudi kilomita zaidi ya 100. Ukishapita Bunju kabla jua halijawa kali, upepo unatoka baharini, mpo sita mmejipanga mstari mmoja nyuma ya mwenzenu mmoja anayekata upepo, hamuongei, mnasikia minyororo tu. Wale wa pale nyuma wanatumia nguvu kidogo sana kuliko wa mbele, ndo maana tunapokezana, na ndo maana huwezi kwenda na mamachari, nilijaribu mara moja, nilifika wenzangu wameshakunywa chai wameanza kurudi.

Ila ni baiskeli ya kudeka hii. Pancha ya kwanza niliipatia Kerege, kwa fundi wa bodaboda mwenye kompresa, mtu mzuri tu, kichwa cha pampu yake hakishiki kwa sababu valvu za hizi ni nyembamba, zina kinati juu unakilegeza kwanza. Tukajaribu na mfuko wa rambo. Hatimaye nikapanda bajaji mpaka Bunju na baiskeli mapajani. Kumbe kuna kitu cha shaba kidogo kama kofia, unakifunga juu ya valvu inakua kama ya pikipiki, elfu mbili. Sasa ninavyo vitatu, kimoja kwenye ufunguo wa nyumba.

Mnyororo wake ni wa gia tisa nyuma, na mingi utakayoikuta kwa wauza spea wa mtaani ni ya sita mpaka nane. Ulipokatika fundi wangu akasema cheni ni cheni mwanangu, akafunga ya nane, gia zikawa zinasugua na kugoma, nikaitoa siku hiyo hiyo. Nikasubiri wiki tatu mtu aje nao kutoka nje.

Na zile wiki tatu ndo zilinijibu swali. Nilikua naenda kazini kama kawaida, kwa ya kikapu, sikukosa hata siku moja, Jumamosi tu ndo nilikua naumwa roho. Ingekua ya kikapu ndo imelala ingekua msiba wa kila siku. Watu wanasema unahitaji ya lami, ya mchanga, ya mjini, ya mvua, kila njia na baiskeli yake, mi naona hapa kwetu swali ni moja, hii ikilala kwa fundi mwezi mzima kwa kukosa kispea cha elfu nane, kesho naenda na nini? Jibu ni mbili. Moja ambayo fundi yeyote chini ya mwembe anaiweza, na nyingine ya roho yako, ila tu ile ya roho isiwe ndo inayokulisha.

Kama unakaa Goba au Madale kwenye vilima na njia mbovu badilisha tu, mauntenibaiki ndo iwe ya kwanza, weka madigadi na keria, kikapu usahau. Kama upo ghorofa ya tatu bila lifti nunua moja, ya pili itakutoa kiuno.

Baba nilipomwambia kwenye simu nimepunguza zimebaki mbili alinyamaza kidogo, akauliza "miguu ulizaliwa nayo mingapi?" Nikacheka, ila ya nusu sikumtajia.

Mauntenibaiki nimemuuzia kijana wa nyumba ya pili, 150,000 kwa elfu kumi kumi kila Jumamosi. Ameiwekea keria ya kuchomelea, anapita nayo asubuhi na madumu manne ya maji, lile tairi pana limekaa vizuri na mzigo kuliko lilivyowahi kukaa na mimi. Bado namdai elfu thelathini.