Sabuni ya Mwani ya Pwani ya Mashariki: Bidhaa Inayostahili Mnunuzi Mkubwa

Sabuni ya mwani inayotengenezwa na vikundi vya akina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja hununuliwa zaidi na watalii, wakaichukua kwao kama zawadi. Mimi niliinunua kwa matumizi ya nyumbani, na nimeipima kama mtu anayetaka kujua iwapo inafaa kununuliwa tena.

Kwa kusafisha sina shaka nayo hata kidogo. Imetengenezwa kwa mafuta ya nazi, na sabuni ya nazi hutoa povu hata katika maji ya chumvi, ambamo sabuni nyingine hushindwa, jambo ambalo nyumba zinazotegemea maji ya kisima yenye chumvi zitalifurahia sana. Unga wa mwani uliomo haukwaruzi ngozi, na ile iliyotiwa mafuta ya karafuu ina harufu safi inayodumu hadi kipande kinapomalizika. Kasoro niliyoiona ni kwamba kipande kimoja kililainika upesi mno. Sabuni ya aina hii, ambayo haipikwi, huhitaji wiki 4 hadi 6 za kukaa na kukauka kabla ya kuuzwa, na ni dhahiri kwamba hicho hakikupewa muda huo.

Siwalaumu waliokitengeneza, kwa sababu kikundi chenye mtaji mdogo, ambacho fedha zake zote zimelala juu ya rafu kwa wiki 6 huku mafuta ya mkupuo unaofuata yakisubiri kununuliwa, kitashawishika kuuza mapema. Hapo ndipo mnunuzi mkubwa angeweza kubadilisha mambo, lakini mahoteli yamezoea kupokea mzigo leo na kulipa baadaye sana, utaratibu ambao kampuni kubwa huuhimili na kikundi kidogo hakiuwezi.

Jambo hili lina uzito kwa uchumi wa visiwa vyetu. Tangu kilimo cha mwani kianze kibiashara Zanzibar mwaka 1989, sehemu kubwa ya zao hili imekuwa ikisafirishwa nje ikiwa kavu tu. Mama anayeshinda majini wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, akifunga mbegu kwenye kamba, hulipwa kwa kilo na kwa bei anayoipanga mnunuzi, ilhali kilo 1 ya mwani mkavu hutokana na kilo kadhaa za mwani mbichi. Mwani huohuo ukisagwa, kiasi kidogo chake hutosha vipande vingi vya sabuni, na fedha inayopatikana humfikia pia muuza nazi, msukaji wa vikapu vya ukili vya kufungashia, na hata Pemba, ambako mafuta ya karafuu na ya makonyo, yaani vikonyo vyake, huzalishwa katika kiwanda cha Wawi.

Vifungashio ndivyo vinavyohitaji kazi zaidi. Nilivyovinunua havikuonyesha uzito, tarehe ya kutengenezwa wala alama ya Taasisi ya Viwango Zanzibar, na bila ya hayo meneja wa ununuzi wa hoteli hawezi kuagiza hata akiipenda sabuni yenyewe.

Kwa matumizi ya nyumbani, naipendekeza bila kusita, hasa ya karafuu. Muulizeni muuzaji ilitengenezwa lini, na iwekeni mahali pakavu. Kwa wenye hoteli, agizeni vipande vidogo vya vyumbani miezi miwili kabla ya msimu, na lipeni nusu ya fedha siku ya kuagiza.